Mfumo wa Yule Msichana

Finote Selam, Hidar 14, 1998

Mke wangu Wubalem,

Mama anaendeleaje tangu wamtoe vile vijiwe vya nyongo? Mwambie namwombea, na mwambie asikatae supu. Huku sote wazima. Kuku mweupe ameanza kutaga tena.

Nimepata mtu wa kukushikia kazi. Tangu waanze kupima mashamba, kila mtu ana shauri na jirani yake, na kila mwenye shauri anataka maombi yake yaandikwe yapelekwe mahakamani. Wanajaa barazani asubuhi, wananitazama mimi, na mimi najua cherehani tu. Anaitwa Seblewongel, mpwa wa mzee Alemneh aliyekuwa karani. Amesomea kompyuta Bahir Dar. Ana mikono myepesi na hana maneno mengi. Hata barua za watu wasiojua kusoma anawasomea, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Kompyuta yako iliugua. Ilikuwa inajizima katikati ya maombi, watu wanaguna. Seblewongel akasema imejaa virusi vya diski za watu, na mfumo wenyewe, ule unaoiendesha, umezeeka. Akaleta mfumo mwingine kabisa, wa bure, waligawiwa chuoni, akauweka mahali pa ule wa zamani. Sasa inakwenda vizuri ajabu. Mafaili yako aliyahifadhi kwanza, yapo yote, ila yakifunguliwa hayasomeki. Badala ya herufi zetu zinatokea alama alama, utadhani kuku amepita kwenye unga. Anasema programu yako ya herufi haikubali kuishi kwenye mfumo huu, na huu una herufi zake.

Usiwe na wasiwasi. Kazi inakwenda.

Mumeo, Dagnachew


Addis Ababa, Hidar 22, 1998

Dagnachew,

Mama hajambo. Supu anakunywa. Hayo yametosha, sasa tuje kwa huyo msichana.

Nani alikupa ruhusa? Mimi nimeondoka na begi moja kumuuguza mama, sikuaga dunia. Unaniandikia "mikono myepesi" kwa mkono wako mwenyewe, na unataka nisiwe na wasiwasi! Mikono yake uliitazama saa ngapi? Si ulikuwa unashona?

Mafaili yangu ya miaka sita yamekuwa nyayo za kuku, na wewe unasema kazi inakwenda. Kazi ya nani? Mtu anaingia nyumbani kwangu, anakaa kwenye kiti changu, anang'oa mfumo wangu, anapanda wake, na mume wangu anapiga makofi.

Na usidhani sina habari. Dereva Worku anayetubebea barua ana macho. Ameniambia sikukuu ya Mikaeli kulikuwa na kahawa barazani kwetu, majani yametandazwa, ubani unafuka, na aliyekuwa anachoma kahawa ni yeye. Na kuipika kwa mtungi wangu wa kahawa! Tena akaniambia, akicheka, kwamba wakati wa chakula ulimkunjia tonge ukamlisha kwa mkono wako. Mimi mara ya mwisho kunilisha tonge ilikuwa lini? Harusi ya dada yako. Na lilikuwa tonge dogo. Roho inaniuma, Dagnachew, nakuambia wazi. Nakaa hapa Gulele nambadilisha mama mto, naona mkono wako na mdomo wake.

Basi. Nimeshuka Piassa kwenye duka la kompyuta, nimenunua sidii ya mfumo ule wetu, toleo jipya. Haina virusi vya zamani, na programu yangu ya herufi inaikubali. Worku atakuletea. Itie wewe mwenyewe, yeye asiiguse.

Wubalem


Finote Selam, Tahsas 1, 1998

Mke wangu,

Sidii imefika. Imekataa.

Niliitia kama ulivyosema. Kioo kikawa cha buluu, yakatokea maneno mengi, mwisho ikaandika kwamba haioni mfumo wa zamani unaostahili kupandishwa, ikajifunga. Nikarudia. Ikajifunga. Wateja wanaangalia, jasho linanitoka, mzee mmoja wa Jiga akaniuliza, "Fundi, hiyo nguo imekataa sindano?" Wakacheka wote.

Ikabidi nimwite Seblewongel. Akaigeuza sidii, akasoma kijitabu chake.

"Kaka Dagnachew, hii si sidii kamili. Ni ya kupandisha toleo."

"Tofauti yake nini?"

"Hii haiingii nyumba isiyo na wenyeji. Inamtafuta mzee wake kwanza, imkute, ndiyo ikubali kukaa mahali pake. Mzee wake mimi nilishamzika."

"Na wako?"

"Wangu ni wa ukoo mwingine. Hii haiutambui."

Halafu akatabasamu. Nakwambia kwa sababu najua Worku atakwambia.

Kuhusu tonge: ilikuwa sikukuu, nililisha kila aliyekaa kwenye meza, pamoja na Worku mwenyewe. Muulize kama yeye nilimlisha kwa mapenzi. Kuhusu kahawa: watu walikuwa kumi na kitu, wageni wa mahakamani, na mimi ningechoma vipi? Mtungi upo, haujavunjika.

Wubalem, mimi na wewe tumekaa pamoja miaka minane. Unanijua. Hata kuchagua uzi nakuuliza wewe.

Dagnachew


Addis Ababa, Tahsas 8, 1998

Mume wangu,

Nimekusoma na nimepoa. Labda nilipaza sauti. Mama pia ameniambia nina wivu kupita kiasi, na mama akiwa na kidonda tumboni sibishani naye.

Nimerudi kwa yule wa Piassa, amenieleza vizuri. Chini ya kitanda, kwenye sanduku la kijani, kuna sidii ya mfumo wa kwanza tulionunua na kompyuta. Ni ya asili, ina karatasi yake. Utaanza na sidii mpya. Ikisema haimwoni mzee wake, usiiache ijifunge; katika yale maneno mengi inauliza kama unayo sidii yake. Toa mpya, tia ya zamani, isubiri imtambue, halafu rudisha mpya. Itakubali. Kisha itakuuliza kuhusu diski yenyewe, kama uitumie ilivyo au uifute yote. Kubali ifute yote. Usiogope, ndivyo inavyofanywa, kitu kipya kinataka mahali safi. Programu ya herufi na nakala za mafaili yangu zipo kwenye diski ndogo, sanduku hilohilo, zimefungwa kwa kitambaa.

Fanya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Huyo binti usimsumbue na mambo haya, ana kazi nyingi. Akija Jumatatu atakuta tayari.

Mama anakusalimu.

Wako, Wubalem


Addis Ababa, Tahsas 8, 1998

Shoga yangu Etagegn,

Mwanao Belete akusomee barua hii ndani, mlango umefungwa, na akimaliza uitie jikoni iwake. Ningekuwa huko ningekusomea mwenyewe kama siku zote.

Nikueleze jambo. Nimemwambia Dagnachew aweke mfumo mpya Jumapili na afute diski yote. Yule wa Piassa aliniambia waziwazi: kila kilichoandikwa na huyo msichana kitapotea, kisirudi, kwa hiyo kwanza kitolewe nakala. Hilo la nakala sikumwambia Dagnachew. Acha kipotee. Nataka Jumatatu akija afungue, asikute hata herufi moja yake. Nataka aone kwamba pale hakuwahi kukaa. Watu watamlalamikia, ataona haya, atarudi kwa mjomba wake.

Najua si vizuri. Lakini Etagegn, kila nikifumba macho namwona anapika kahawa kwa mtungi wangu, kashika kipepeo changu cha kupepea makaa, na Dagnachew anamsifu moshi. Nimekuwa sili. Wewe mumeo hata kuangalia mwanamke hawezi bila miwani, huwezi kunielewa.

Niangalizie. Unachokiona, nataka nikijue.

Shoga yako, Wubalem


Finote Selam, Tahsas 21, 1998

Wubalem,

Nilifanya kama ulivyosema. Jumapili, Seblewongel kanisani, mimi na sanduku la kijani. Ilikubali. Ilimtambua mzee wake, ikafuta, ikapanda, na jioni herufi zako zilikuwa zinasomeka kama zamani. Nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti chako nikaandika jina lako kwa kidole kimoja.

Jumatatu wakaja. Maombi yote ya mashamba yalikuwa humo, ya watu wa Jiga, wa Bure, wa huku kwetu, na mahakama ilikuwa inawasikiliza Alhamisi, siku moja baada ya sikukuu ya Gabrieli. Hakuna hata moja. Mama mmoja mjane alikaa chini pale penye ngazi akaweka mikono kichwani. Yule mzee wa Jiga hakunitania safari hii. Aliniuliza, "Wewe mtu, jirani yangu amekulipa kiasi gani?" Nikasema ni mimi, nimefuta, sikujua. Wakaniita mjinga mbele ya watoto wa shule wanaopita. Nimekubali.

Seblewongel alisimama mlangoni, akatazama kioo. Nilitegemea atalia au atanitukana. Akasema tu, "Sawa, kaka," akachukua shali yake akaondoka. Jumanne akarudi na maombi yote yamepigwa chapa, yamekunjwa, kila moja na jina lake. Nadhani anayajua kwa moyo, sijui. Watu walimbusu mabega. Mjane alimbusu magoti. Hakuna aliyekosa Alhamisi.

Nataka nikuulize jambo moja, na nataka jibu, si maneno mengi. Ulijua kwamba yatafutika?

Dagnachew


Finote Selam, Tahsas 28, 1998

Shoga yangu Wubalem,

Krismasi njema ya kesho, na mama apone kabisa. Umesema nikuangalizie, basi ninakuambia nilichokiona kwa macho yangu mawili.

Msichana hayupo tena barazani kwenu. Amefungua mahali pake, ng'ambo ya barabara, kwenye chumba cha mjomba wake kinachotazama lango la mahakama. Ana kompyuta ya mjomba. Na meza je? Meza kabebewa na Dagnachew. Begani, mchana kweupe, amevuka nayo barabara, watu wanampisha. Aliingia nayo ndani na alikaa kidogo kabla ya kutoka. Jana tena nimemwona ameshona pazia, amekwenda kulitundika kwenye dirisha lake. Pazia la buluu, zuri, ana mkono huyu mwanamume.

Sikuongezi kitu. Barazani kwenu hakuna watu, mpaka mbwa analala kwenye ngazi.

Etagegn


Addis Ababa, Tir 2, 1998

Dagnachew,

Pazia! Mimi dirisha langu lina gunia la sukari tangu tuhamie.

Uliniuliza swali, mimi nakuuliza langu kwanza. Ulikuwa unatafuta nini ndani ya chumba cha yule msichana baada ya kuweka meza? Meza ikishawekwa imewekwa, haihitaji kukaliwa nayo. Mimi nimekaa hapa miezi miwili naosha vitambaa vya kidonda, na wewe unabeba fenicha kama bwana arusi. Mji mzima umekuona. Umenitia aibu mpaka Addis.

Kama unamtaka niambie nisirudi. Nitabaki huku na mama.

Wubalem


Finote Selam, Tir 6, 1998

Kwa dada Wubalem,

Hunijui, lakini tumeandikiana zaidi ya unavyodhani. Mimi ni Seblewongel.

Belete wa Etagegn yuko Debre Markos shuleni, mwezi wa pili sasa. Kwa hiyo barua yako ya Tahsas 8 Etagegn aliileta barazani, akanipa mimi nimsomee, kama wanavyonipa wote. Niliisoma kimya kwanza, ndivyo ninavyofanya ili nisikwame. Kisha nikamsomea kwamba unamsalimu, umemkumbuka, na unataka akuangalizie nyumba na akuandikie anachokiona. Alifurahi sana. Barua yenyewe sikumrudishia, na yeye hakuiuliza.

Nilikuwa na siku za kutosha kabla ya Jumapili. Nilitoa nakala ya kila ombi kwenye diski zangu, nikazipeleka kwa mjomba. Ningeweza kumzuia mumeo. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema. Nilikwenda kanisani, nikawasha mshumaa, nikamwacha afute.

Na barua ya Etagegn ya kabla ya Krismasi ni mkono wangu. Maneno ni yake, alisimama karibu yangu akinitajia, na mimi niliandika kila alichosema, hata la pazia. Mumeo alibeba meza kwa sababu aliona haya, na alikaa kidogo kwa sababu alikuwa anaomba msamaha, na hana haraka ya maneno, unamjua. Pazia pia ni haya. Akiniona njiani anainamisha kichwa. Watu bado wanamwita mjinga aliyefuta maombi, na yeye anakubali. Hajui ulichomwandikia Etagegn. Sikumwambia, na sitamwambia. Barua yako hiyo nimeifunga humu ndani.

Dada, mumeo sikumtaka hata siku moja. Ni mtu mzuri lakini anaimba puani akishona. Nilikitaka kiti chako. Nimesoma miaka miwili, nikarudi kukaa kwa mjomba nikimenya vitunguu, na kila siku nikipita mahakamani namwona mwanamke mmoja, hakusoma niliyosoma, watu wazima wanamwamkia kwa heshima na kumsubiri juani. Nilikuwa nakuangalia kwa wivu kuliko ulivyoniangalia wewe. Nilikuwa najua viatu vyako vyote. Ulipoondoka nilimwambia mjomba anisemee kwa mumeo siku ileile.

Nilikuwa sijui nitakipataje. Wewe ukanipa.

Seblewongel


Addis Ababa, Tir 13, 1998

Seblewongel,

Barua yako imefika siku mbili baada ya sikukuu ya Timket, nikiwa bado na nguo nyeupe. Nimeisoma nikasimama uani mpaka mjomba wangu tunayekaa kwake akauliza kama nimefiwa.

Ungemtaka mume ningekusamehe upesi zaidi. Mume huwa anarudi mwenyewe, akiona njaa. Wateja wangu niliwapata mmoja mmoja. Yule mjane nilimwandikia ombi la kwanza bure, alipokuwa hana hata karatasi, na sasa amekubusu wewe magoti. Nikifikiria hilo nataka kula udongo.

Ile barua yangu uliyonirudishia sikuichoma. Nimempelekea Dagnachew leo, kwa Worku, yote, bila kukata neno. Nimemwandikia juu yake: jibu la swali lako ndilo hili. Kwa hiyo usidhani umenihifadhia siri. Hiyo huruma yako siitaki.

Mama akiweza kupanda basi narudi. Usihamishe meza.

Wubalem


Finote Selam, Tir 20, 1998

Wubalem,

Worku amenipa bahasha. Nilikuwa nashona suruali ya padri, nikaiweka chini nikasoma. Nimesoma mara ya kwanza nikakasirika. Mara ya pili, nisiseme uongo, nilifurahi kidogo. Miaka minane nilidhani kitu unachokipenda nyumba hii ni kompyuta. Ukiingia asubuhi unaifuta vumbi yenyewe kabla hujaniamkia. Nilikuwa naionea wivu, mimi mtu mzima, naionea wivu mashine, na sikukwambia kwa sababu ungenicheka. Kumbe wewe hukula kwa ajili ya tonge nililomlisha mtu sikukuu!

Lakini halafu nikaikumbuka ile Jumatatu. Yule mama penye ngazi. Nilisimama pale naitwa mjinga, na nilikuwa najitetea moyoni kwamba angalau mke wangu hakujua. Hicho ndicho kilichonishikilia. Sasa sina.

Sitakwenda kuwaambia watu kwamba ni wewe. Wala sitasema tena kwamba ni mimi. Ukirudi utasimama barazani na utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimesimama pembeni yako. Baada ya hapo tutaona tunaanzia wapi. Mlete mama, chumba nimekipaka rangi.

Kompyuta nimeiwasha asubuhi hii nikaiangalia. Mfumo wako unafanya kazi vizuri, hauzimi, haukwami, herufi zako zinasomeka zote. Nimeiacha inawaka mpaka mchana. Hakuna mtu aliyekuja.

Dagnachew